Nywele zilizokauka baada ya kiangazi: toka siku ya kufumua mpaka mvua

Mwezi wa kumi ukifika hapa Lubumbashi, kabla mvua haijaanguka, lupango letu, yaani uwanja wa nyumba yetu, mtaani Katuba, linajaa watu. Wanakuja wakina dada, wanakuja wamama na mabinti zao, na kilio chao ni kimoja: nywele zinaisha. Binti mmoja alikaa kwenye kigoda changu akiwa na rasta alizosukwa mwanzoni mwa mwezi wa nane. Nilipofumua ya kwanza, kwenye shina palikuwa na pete ya uchafu, nyekundu kama tofali, imekauka ngangari. Niliisaga kwa ncha za vidole mpaka ikawa unga. Fundo la nywele likatoka pamoja nayo, likabaki kiganjani mwangu. Alipoliona, machozi yakamlengalenga.

"Mama, nabaki kipara."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Shika hizi, tuzihesabu."

Kichwa cha mtu mzima huangusha nywele kati ya 50 na 100 kila siku, hata kikiwa na afya njema. Ukiwa na nywele wazi, zinaangukia kwenye mto, kwenye chanuo, njiani, wala huzioni. Zikiwa zimebanwa ndani ya rasta hazina pa kwenda. Zidisha kwa siku 60: zinakuwa kati ya 3,000 na 6,000, na zote zinakusubiri siku ile moja ya kufumua. Fundo lililomliza yule binti lilikuwa miezi miwili iliyokusanyika mahali pamoja.

Shida yake ya kweli ilikuwa kwenye ncha, na hiyo alikuwa hajaiona. Ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, hatua kwa hatua, kwa jinsi tunavyoifanya nyumbani, na bidoni (dumu) ya maji na mbabula (jiko la makaa), bila saloni kubwa.

Kiangazi kinafanya nini kichwani

Hewa yetu inaanza kukauka mwezi wa tano na inabaki hivyo mpaka wa tisa au wa kumi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi inauma. Watu wanavaa kofia za sufu na kuoga maji ya moto kupita kiasi. Mwezi wa nane upepo unaamka na vumbi jekundu. Mwezi wa kumi jua linachoma na bado hewa haina unyevu. Kila kimoja kinaumiza kwa njia yake. Hewa kavu inanyonya maji yaliyo ndani ya unywele. Sufu inasugua. Vumbi ni chembe ngumu, likikaa katikati ya nywele linafanya kazi ya msasa kila unapogeuza kichwa. Jua linapausha rangi na kudhoofisha.

Kumbuka pia kwamba unywele uliokwisha kutoka ngozini ni kitu kilichokufa, hauna damu wala mshipa. Kilicho hai ni mzizi, chini ya ngozi. Nje unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama ya samaki. Magamba yakilala, nywele zinang'aa na zinapitana bila kushikana. Yakiinuka, yanakamata ya jirani, na hapo ndipo mafundo yanapotoka. Kwa hiyo ncha iliyopasuka haiponi. Anayekuuzia mafuta ya "kuunganisha ncha" anakuuzia gundi ya siku chache, mpaka utakapoosha tena.

Na nywele zetu za kipilipili zina ugumu wake. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yanateremka vizuri kwenye unywele ulionyooka. Kwenye unywele unaojikunja kama springi yanakwama karibu na shina. Ncha zinabaki kavu hata kichwa kikiwa na mafuta. Tena kila mkunjo ni mahali ambapo unywele unaweza kuvunjika.

Ndiyo maana nasema jambo hili kila siku, na nitalisema tena mpaka sauti ikauke: ukiona ukavu, tafuta maji kabla ya mafuta. Mafuta hayaleti maji. Kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Ukipaka mafuta juu ya unywele mkavu, umeufungia ukavu ndani.

Hatua ya kwanza: chunguza kabla ya kugusa dawa yoyote

Chukua nywele kama kumi zilizoanguka, uziweke kwenye karatasi nyeupe, usogee penye mwanga. Zile zenye kifundo kidogo cheupe upande mmoja zimetoka kwenye mzizi wake, muda wake ulikuwa umekwisha. Hizo zisikutishe. Zisizo na kifundo, fupi fupi, zimekatika katikati. Kama nyingi ni za namna hii, ujue unapambana na ukavu, au na mkono wa msusi.

Kisha lowesha unywele mmoja na uuvute polepole. Wenye afya unarefuka kidogo na kurudi. Ukikatika papo hapo, ni mkavu. Ukirefuka kama mpira wa kutafuna na haurudi, ukakatika baadaye, umelainishwa mno na dawa ya kunyoosha au rangi. Nywele za hivyo zisiguswe na dawa nyingine kabisa mpaka zikatwe.

Angalia na ngozi. Vipele vidogo pembeni mwa kichwa, au ukingo wa mbele unaorudi nyuma, hiyo ni kazi ya misuko inayovuta. Kwa mtoto, ukiona duara lenye magamba na nywele zilizokatika usawa wa ngozi, hayo ni mapunye. Usihangaike na mafuta wala na majani. Mpeleke kwenye kituo cha afya, kwa sababu mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi. Na chanuo lake lisitumiwe na mtoto mwingine.

Jambo moja kwa mama aliyejifungua. Nywele zikianza kudondoka kwa wingi karibu mwezi wa tatu baada ya kuzaa, usikilaumu kiangazi wala jicho la mtu. Mimba ilikuwa imezizuia zisianguke, sasa zinaanguka pamoja. Kwa wengi zinarudi kabla mtoto hajamaliza mwaka.

Hatua ya pili: kufumua

Hapa ndipo nywele nyingi zinapotea, na hapa ndipo ninaomba subira. Tenga nusu siku. Usianze saa kumi na mbili jioni huku unataka kulala saa mbili.

Kata meshi, yaani nywele za bandia zilizosukiwa, chini ya mahali nywele zako zinapoishia. Kama hujui zinaishia wapi, shika rasta na uibonyeze kwa vidole ukiteremka. Pale inapokonda ghafla ndipo mwisho wako. Shuka vidole vinne zaidi halafu ukate. Fumua kwa mkia wa chanuo, kuanzia chini.

Ukifika kwenye shina na kuikuta ile pete ya uchafu, simama. Tia tone la mafuta kwenye ncha za vidole, libonyeze kwenye pete, hesabu mpaka ishirini, halafu isage na uvute nywele pembeni, upande huu na upande huu, mpaka pete ifunguke. Ukiichana kwa nguvu, inateremka na kukusanya nyingine njiani, mwisho unalazimika kuikata na mkasi.

Kosa kubwa ninaloliona ni kukimbilia maji. Mtu anamaliza kufumua, kichwa kinawasha, anatumbukiza kichwa kwenye beseni. Vumbi la miezi miwili na nywele zilizoanguka vikipata maji kabla ya kuchanuliwa vinagandamana kama blanketi. Chanua kwanza kwa vidole, kisha kwa chanuo la meno mapana, ukianzia ncha na kupanda polepole kuelekea shina. Gawanya kichwa mafungu manne, kila fungu likiisha lisokote na ulibane. Ukisikia chanuo linalia "krrr", umekwenda haraka.

Hatua ya tatu: mkasi

Wengi wananiambia: "Ya (dada mkubwa), toa kidogo tu." Nawaelewa. Urefu wa nywele ni miezi ya maisha ya mtu, kwa kuwa unywele unakua karibu sentimita moja kwa mwezi, na wa kwetu unaojikunja unaweza kuwa chini kidogo ya hapo. Kukata sentimita tatu ni kukata miezi mitatu. Lakini ncha iliyopasuka haibaki pale ilipo, inaendelea kupasuka kupanda juu, na ukiiacha itakula tano.

Kata ncha zile ambazo ukizipitisha kati ya vidole viwili unasikia ukwaruzo, au zinazoonekana nyembamba mpaka mwanga unapita. Sokota fungu dogo, ncha zitajitokeza pembeni kama miiba, hizo ndizo za kukata. Tumia mkasi unaokata nywele tu. Mkasi wa karatasi au wa nyama unaponda unywele badala ya kuukata, na uliopondwa unapasuka upya ndani ya wiki mbili. Kiwembe pia kinauacha umechongeka.

Kwa yule binti nilikata sentimita tatu, nne kwa upande wa nyuma. Alifumba macho nilipoanza. Alipogusa baada ya hapo, aliguna, akagusa tena.

Hatua ya nne: kuosha

Siku moja kabla ya kuosha, au saa mbili kabla ukikosa muda, paka mafuta ya nazi kwenye urefu wa nywele, hasa ncha. Haya ni tofauti na mafuta mengi: yanaingia ndani ya unywele na kuzuia protini yake isitoke na maji. Ukikosa ya nazi, ya kokwa za mchikichi yanakaribiana nayo, ila harufu yake ni nzito na si kila mtu anaivumilia. Mawese mekundu yaache jikoni, yanachafua mto na kola.

Sabuni sasa. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, inatoa uchafu wote, na inakwenda na kila kitu. Kwenye kipimo cha pH, ambapo maji safi yako kwenye 7, nywele zinafurahia asidi kidogo, kati ya 4 na 5. Sabuni ya mche iko kwenye 9 au 10. Inainua magamba, ndiyo maana baada ya kuoshea unasikia nywele zinalia chini ya vidole na zinashikana. Nunua shampuu, hata pakiti ndogo ya soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na uichanganye na maji mara tatu yake kwenye chupa. Hiyo inatosha kichwa kizima, na inafika kwenye ngozi badala ya kubaki juu juu.

Maji yenyewe yanategemea unayachota wapi. Wengine wana bomba la REGIDESO, shirika la maji, wengine wanachota kwenye foraji (kisima cha kuchimbwa) ya jirani. Angalia ndani ya birika lako: kama lina ukoko mweupe, maji yako yana chokaa, na chokaa hiyo inakaa kwenye nywele pia, inazifanya ngumu na butu. Dawa yake ni rahisi. Mwisho wa kuosha, kijiko kimoja kikubwa cha siki kwenye lita moja ya maji, mwaga kichwani, acha dakika mbili, suuza. Ukikosa siki, limau moja lililochujwa vizuri kwenye lita mbili linafaa. Usizidishe ukidhani nyingi ndiyo nzuri. Ukiwa na kidonda kichwani, acha kabisa.

Bidoni moja ya lita 20 inatosha kama umeipanga. Lita tano za kulowesha na kupakia shampuu, nane za kusuuza, tano za kutoa kondishena, mbili za mwisho: moja yenye siki, moja ya kuisuuza. Pasha kidogo kwenye mbabula, yawe vuguvugu. Kama mkono unaogopa kukaa ndani, kichwa nacho kinaogopa. Osha fungu moja baada ya jingine, bila kuyafumua yote pamoja. Vidole visugue ngozi kwa nyama ya ncha zake, si kwa kucha. Povu linaloteremka linatosha kusafisha ncha, usizikusanye juu ya kichwa na kuzifikicha kama unafua shati.

Mara ngapi? Kiangazi chote na mwezi huu wa kurekebisha, mara moja kwa wiki au kila siku kumi. Ukiwa na rasta pia osha, angalau ngozi. Kukaa wiki nane bila maji kunaleta ile pete.

Hatua ya tano: kondishena na joto

Kondishena, ambayo wengi hapa wanaiita apre-shampuu, ndiyo chombo chenye faida kuliko vyote kwenye mwongozo huu, na ndicho watu wanachoruka ili kubana pesa. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu baada ya shampuu, nunua hicho. Inalaza magamba, chanuo linapita bila kukata.

Kamua maji kwenye nywele kwa kiganja, usiache zinatiririka. Paka kondishena fungu kwa fungu, kuanzia ncha. Chanua ukiwa nayo kichwani, huo ndio wakati pekee ninaopendekeza kuchanua nywele mbichi. Vaa mfuko safi wa plastiki, kisha kitambaa kilichokamuliwa kutoka maji ya moto, kisha kitambaa kikavu juu. Dakika 20 au 30. Suuza.

Nitasema kuhusu vya jikoni, maana naulizwa kila mara. Yai lina protini nyingi, ni kweli, lakini protini yake ni kubwa mno kuingia kwenye unywele. Inakaa juu, na ukisuuza na maji ya moto inaiva kichwani, utaitoa vipande vipande mpaka jioni. Avoka lina mafuta mazuri, ila nyuzi zake zinanasa. Mayonezi ni mafuta na yai tu. Mimi vyote hivi naona vinafaa zaidi kwenye sahani. Nywele zinajengwa toka ndani, kwa protini na chuma: bukari (ugali) na sombe (kisamvu) yenye ndakala (dagaa), maharage, viwavi vikipatikana, yai lile lile. Mtu ambaye amechoka, amepauka, na nywele zinadondoka kichwa kizima, akapimwe damu kabla ya kununua chupa ya tatu.

Hatua ya sita: maji, kisha mafuta

Nywele zikiwa bado na unyevu, paka kwanza kitu chenye maji, yaani kondishena kidogo ya kubaki kichwani au losheni ambayo neno la kwanza kwenye orodha ya vilivyomo ni maji. Chupa nyingi zinatufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na maandishi ya Kiingereza, basi tafuta neno "water" au "aqua" mwanzoni. Kisha mafuta juu yake kufunga. Kiasi cha mafuta kwa fungu moja ni punje ya karanga, uyasugue kwanza viganjani mpaka yapotee. Mafuta ya mbarika ni mazito, yachanganye na mepesi. Karite (siagi ya shea) inafanya kazi nzuri kwenye ncha. Vazelini pia inafunga vizuri, mradi unywele chini yake una maji na ngozi ya kichwa huipaki.

Glisirini inahitaji tahadhari. Wengi wanaipulizia kila asubuhi kwa sababu mwezi wa pili iliwapendeza sana. Glisirini inavuta maji kutoka mahali yalipo mengi. Mvua ikinyesha, inayavuta kutoka hewani na kuyaleta kwenye nywele. Hewa ikiwa kavu kama ya mwezi wa nane, haina pa kuyavuta ila ndani ya unywele wako mwenyewe, na hewa inayachukua. Toka mwezi wa tano mpaka mvua ianze, iache, au ichanganye kidogo sana na ufunike na mafuta.

Hatua ya saba: usizifunike haraka

Ukishaosha, hamu ya kwanza ni kusuka rasta mpya kesho yake. Zipe wiki mbili, ikiwezekana nne. Katika muda huo zisuke vanili (misokoto ya mafungu mawili) kubwa kwa nywele zako mwenyewe, kama nane au kumi, au zifunge kwa uzi mweusi kama bibi zetu walivyokuwa wanatufanyia. Uzi ninaupenda kuliko yote: unazinyoosha bila moto, unazuia ncha zisisuguane, na unagharimu kidogo. Usikaze. Uzi ukiacha alama kwenye ngozi, umekaza.

Pasi ya nywele na seshwari (kikaushio cha nywele) ziweke kabatini mwezi mzima. Baada ya hapo ukilazimika, joto lisizidi digrii 180, nywele ziwe kavu kabisa, na upitishe mara moja, si mara tano.

Ukirudi kwenye rasta, mwambie msusi mapema: mafungu yasiwe madogo, meshi isiwe nzito, na ukingo wa mbele aachie. Kama baada ya kusukwa unameza paracetamol ili ulale, ule si uzuri, ni nywele zinang'olewa taratibu. Ukiona vipele vyeupe kwenye mashina, fumua hata kama ulilipa jana. Ninajua inauma. Lakini ngozi iliyovutwa miaka mingi inafika mahali haioteshi tena, na hapo hakuna mafuta yatakayosaidia. Kama meshi inakuwasha, iloweke kwenye maji na siki usiku mmoja, isuuze, ikaushe, ndipo usuke. Na rasta zisizidi wiki sita, kiangazi, nne.

Dawa ya kunyoosha naieleza kwa uchungu. Nikiwa na miaka 19 nilipakwa kwenye saloni moja, aliyenipaka akatoka nje kupokea simu. Nikasema inachoma, wakaniambia vumilia kidogo, ndiyo inashika. Niliporudi nyumbani nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na jeraha linalotoa maji. Nywele za pale zilianguka zote, na mpaka leo zinaota chache. Dawa hizi ni alkali kali, pH yake ni 12 kwenda juu. Hata zile zinazoandikwa hazina soda bado ni kali, na zinaacha chokaa inayokausha nywele zaidi. Kwa hiyo: kamwe usipake siku ya kufumua, kwa sababu ngozi imekwaruzwa. Subiri angalau wiki mbili. Kati ya dawa na dawa ziwe wiki nane au zaidi, na ipakwe kwenye shina jipya tu. Ikianza kuchoma, hakuna kuvumilia. Inuka, suuza kwa maji mengi wewe mwenyewe kama aliyekupaka hayupo.

Hatua ya nane: usiku

Hii ni fupi. Pamba inanyonya maji na kusugua, kwa hiyo kitambaa cha pamba na mto wa pamba vinaharibu usiku ulichojenga mchana. Funga fulari (kitambaa cha kichwa) ya satini. Huna pesa ya kununua? Nenda kwa fundi cherehani anayeshona magauni ya harusi, muombe kipande kilichobaki, kishone pembeni. Ukivaa kofia ya sufu asubuhi ya baridi, weka satini hiyo hiyo chini yake. Kwa watoto vile vile, maana nyuma ya vichwa vyao ndiko nywele zinakokatika.

Mvua ikianza

Mvua ya kwanza isikutoe nje na beseni. Inaosha hewa na mabati yenye vumbi la miezi mitano, na vyote vinaishia kwenye maji yako. Subiri inyeshe mara tatu nne, ndipo ukinge. Maji ya mvua hayana chokaa, nywele zitayapenda kuliko ya foraji.

Glisirini inaweza kurudi sasa. Mafuta mazito punguza. Angalia jambo jipya: ukinyeshewa ukiwa na rasta, usizifunge fulari zikiwa mbichi. Zikamue kwa fulana kuukuu, ziache wazi mpaka shina likauke, la sivyo ngozi itaanza kunuka na kuwasha.

Binti yule alirudi katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Nilipima fungu la nyuma kwa utepe wa cherehani: sentimita mbili zimeongezeka, bado hajarudisha zote nne tulizozikata. Nikampitishia vidole kwenye ncha, hazikukwaruza. Alitaka rasta za Noeli mpaka kiunoni. Nikamsukia za mabegani, kubwa, ukingo wa mbele nikauacha huru, na tukapatana siku ya kufumua kabla hajainuka kwenye kigoda.